Kuhusu Kuondolewa kwa Padre Min Ilhali Sisi Bado Waovu

Parokia ya Galmori, Korea
9 Novemba, 1979

Mheshimiwa Padre Mkuu wa Shirika la Wamisionari wa Nyota ya Bahari, Ireland,

Nakusihi kwa unyenyekevu, ukishaisoma barua hii usimwonyeshe mtu, na zaidi ya wote usimwonyeshe Padre Min. Mimi ni karani wake, na mashine ninayopigia chapa ni yake.

Mwezi wa tano mkaguzi wenu alitutembelea, akala, akahesabu vichwa kanisani, kisha akaandika kwamba parokia yetu sasa inasimama kwa miguu yake. Kwa hiyo Padre Min, aliyekaa nasi miaka ishirini na miwili, aondoke kabla ya Krismasi akaanzishe misheni kwingine. Mheshimiwa, mkaguzi alidanganyika. Takwimu alizopewa niliziandika mimi, na nilizipamba kupita kiasi. Mwenyekiti wetu wa parokia, Mzee Pyo, ameniagiza nirekebishe: "Wewe mwanangu umesoma. Tuchafue, lakini kwa adabu." Basi nalalamika kama ifuatavyo.

1. Kitubio. Kabla ya Pasaka kila Mkristo hupewa kadi, akamkabidhi padre anapoungama, nami nikamtia alama daftarini. Mwaka huu Bibi Monika alikuja na kadi sita: yake, na tano za majirani waliokuwa wakipalilia vitunguu saumu. Akaungama zote. Kwa kuwa ni kiziwi, sote kwenye foleni tulisikia. "Hii ya Sun-nye, Padre. Kamtukana mkaza mwanawe mara tatu." Mkaza mwana mwenyewe akapaza sauti kutoka nyuma: "Tatu? Kila asubuhi, Padre! Mwongezee!" Nilizitia alama zote sita. Ni kwa kumwogopa Bibi Monika tu.

2. Ubatizo. Sikukuu ya mavuno, tulipokwenda kufyeka makaburi ya wazee wetu, Mzee Pyo alimmwagia babu yake maji ya baraka, kisha akaja ofisini nimwandike katika kitabu cha ubatizo. Nikamwambia, "Mzee, marehemu ana miaka sitini ardhini." Akanijibu, "Nilimuuliza mara tatu. Hakukataa." Nimemwandika, kwa penseli.

3. Imani yenyewe. Kuanzia mwezi ujao tumekubaliana kuacha dini, familia tano tano kwa zamu, ili mkaguzi akirudi akute viti vitupu. Ratiba nimeipanga mimi na kuigonga mhuri wa parokia. Mkimwondoa Padre, itatubidi tuitekeleze hadi familia ya mwisho, na siku ya hukumu nikiulizwa chanzo, sitakuwa na budi kulitaja jina lako.

Padre mwenyewe hajui lolote. Juzi alinionyesha mahali anapotaka kuzikwa, juu ya shamba la vitunguu saumu, akasema hapo upepo wa bahari unafika. Nikaitikia tu. Sikuweza kumwambia kwamba barua yenu ya kumwita iko ndani ya mtoto wa meza yangu tangu Jumanne iliyopita, na ufunguo nalala nao.

Mheshimiwa, watu wabaya namna hii huachwaje peke yao?

Nisalimie mapadre wote wa nyumba yenu, wazima na wagonjwa, pamoja na mpishi. Mkaguzi naye msalimie, akipenda.

Ni mimi niliye mtiifu, ninayetetemeka,
Ok Byeong-ha Aloisi, karani

Nyongeza: Jibu usilitume parokiani. Andika jina langu, kwa anwani ya kinu cha mpunga cha Bwana Bang, Galmori. Kinu kina simu pia. Ila ukipiga, usipige saa kumi na mbili asubuhi wala saa moja jioni, kwa maana kijiji kizima tuko kanisani kwenye novena, sala ya siku tisa tunayoirudia mpaka utakapojibu, tunaiombea barua hii ifanikiwe. Waliokosa nafasi ndani wanapiga magoti uani kwenye baridi. Bwana Bang hajabatizwa, lakini naye hufunga kinu akaja, na hapatakuwa na mtu wa kupokea simu.