Kioo cha Simu Kilichomuua Mwanangu Tatu

Kwedizinga, Handeni
12 Agosti 2004

Ndugu Meneja wa Kampuni ya Simu,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama hujanizidi, marahaba. Mimi ni mama yake Tatu, yule aliyesomea ualimu Korogwe. Nadhani umemsikia. Mimi mwenyewe niliishia darasa la tano, lakini mwandiko wangu, kama uonavyo, hauniaibishi.

Simu hii aliniletea Tatu. Naitunza kuliko redio: nimeifumia kitambaa cha uzi mweupe chenye maua, na nikaiachia kidirisha cha kusomea. Kwa hiyo usiseme naichezea. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kioo chenu kinakata maneno. Mwezi wa tano kaka yangu Semboja alikuwa Mnyuzi analima. Jirani yake huko akanitumia ujumbe: "Semboja ameo". Basi, hakuna zaidi. Mtu mzima ameo nini, kama si ameoa? Nikaenda kumpa pole mkewe, wifi yangu Zamda. Kumbe ni "ameondoka". Alifika jioni na mkungu wa ndizi, akapokewa kwa mwiko. Zamda hanisemeshi mpaka leo.

2. Mwezi uliopita nikapata ujumbe wa Tatu: "Mama nimefa". Nikaanguka palepale. Najua ni "nimekufa", lakini anayekata roho hana muda wa kuandika kwa ukamilifu. Tukaweka matanga. Mzee Nkoitiko, jirani yetu mfugaji, ndiye peke yake aliyeuliza maiti ameandikaje. Nikamjibu kwa upole kwamba Tatu amesoma.

3. Vijana wawili walipanda basi kwenda Korogwe kuchukua maiti. Maiti akawapikia chai, akawaambia aliandika "nimefaulu". Waliporudi naye, mbuzi wangu alikuwa ameshaliwa, kwa jina la mtu mzima wa afya, tena aliyeshika nafasi ya pili chuo kizima. (Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, kwa hiyo huyo simhesabu.)

4. Hili ndilo linaloniuma. Tatu amepangiwa kufundisha shule yetu hapa hapa. Nikitangaza amefaulu, watu wananijibu Mungu amlaze mahali pema. Watoto wamekataa kufundishwa na marehemu. Juzi aliwasogelea kuwasalimia, wakatoka mbio hadi kisimani. Mwalimu mkuu anasema wakiendelea hivi atamwombea kituo kingine, mbali. Nimemlilia mara moja, sitaki kumlilia tena kwa uhamisho.

Kwa hiyo naomba uje mwenyewe, na suti, useme mbele ya kijiji kwamba Tatu yu hai na kosa ni la kioo. Pia mtengeneze simu yenye kioo cha upana wa ubao wa darasa. Pa kuiweka msihangaike, ukuta ninao.

Nisalimie mkeo, wanao, na fundi anayekata maneno. Mwambie akija kwangu atakula.

Ni mimi mwenye simu,
Mwanaisha Sadala (Mama Mwalimu)

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Tatu ameivua simu kile kitambaa. Kumbe chini ya maua kuna mistari mingine mitatu. Ujumbe wake mzima ulikuwa: "Mama nimefaulu. Toa hicho kitambaa ndipo usome." Nimesoma, nimeelewa, na kitambaa nimekirudisha. Simu haiwezi kukaa uchi mbele ya wageni. Suti usisahau.