Kibuyu cha Mama Mkwe Kimeota Meno

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe.

Nafundisha chekechea hapa Mwankoko, ile ya nje: turubai, mikeka na mawe makubwa, kuta hakuna. Juzi mwalimu mkuu katuma kwenye grupu video ya watoto wa Ulaya. Wanaokota majani yaliyodondoka, wanachonga maboga yawe na macho na meno, eti sikukuu ya kutishana. "Na sisi tufanye," akaandika. Majani si shida, kwetu yalishadondoka zamani. Lakini boga Oktoba hii, Singida hii, kwa jua hili, nalitoa wapi?

Asubuhi nikaona kibuyu jikoni. Ni cha mama mkwe, aliyekuja wiki hii kutoka Iguguno kutusaidia shamba kabla ya mvua. Kimezibwa kwa gunzi. Mwenyewe alikuwa amekwenda kuchota maji, nikamuuliza mume wangu, "Hiki kina kazi?" Akajibu huku anapiga mswaki, "Si kibuyu tu hicho." (Huyo ndiye niliyeolewa naye.)

Kufika shuleni nikazibua lile gunzi. Zikamwagika mbegu za maboga zimejaa majivu! Masikini mama wa watu, nikawaza, chakula chake kimeingia uchafu. Nikaziosha, nikazikaanga kwa chumvi kwenye jiko la uji, nikawagawia watoto. (Mimi mtoto wa mjini. Baba yangu alikuwa fundi redio.) Kisha nikakitoboa kibuyu macho, nikakichonga meno.

Kukiona tu, nusu ya darasa wakaangua kilio. Nikawahi: "Msiogope, huyu ni babu! Msalimieni." Nikakiweka juu ya jiwe, mimi nikajificha nyuma yake.

"Shikamoo babu!"

"Marahabaaa," nikaitikia kwa sauti nzito. Vilio vikageuka vicheko. Wakapanga foleni, kila mmoja anataka kuitikiwa peke yake.

Ghafla kimya. Nikasikia hatua, mtu akasimama mbele ya jiwe, hasemi. Nikajua ni Samweli, yule mbishi wangu. Nikakoroma: "Wewe! Mbona hunisalimii? Kwenu hukufundishwa adabu?"

"Nilifundishwa," sauti ikajibu. "Wewe je?"

Nikainua kichwa. Mama mkwe! Nikapiga magoti mbio, "Shikamoo mama," na sauti bado ile ile ya babu. Imegoma kurudi!

Hakuitikia. Alikuwa anakitazama kibuyu. Akauliza polepole, "Na mbegu zangu?"

Samweli akamnyooshea kiganja. "Karibu bibi. Imebaki moja. Tamu!"

Hapo ndipo nilipoelewa. Majivu yale ni ya kuzuia wadudu. Ile ilikuwa mbegu ya kupanda, mwenyewe akanieleza, ya boga alilopewa na mama yake mzazi, na kila msimu anaweka mbegu yake tangu aolewe. Na mimi nimeitia chumvi! Nilishtuka hadi nikalia mbele ya wanafunzi wangu.

Mama akakaa mkekani. Akaingiza kidole kwenye shingo ya kibuyu, akakwangua, akakwangua. Zikatoka mbegu kumi na moja, zilizokuwa zimeganda na majivu. Akazifunga kwenye pindo la kanga.

"Utazipanda wewe," akasema. "Na zisipoota, usije ukanieleza habari za panya."

Nikadhani yamekwisha. Nimerudi nyumbani sasa hivi, nakuta kibuyu kimetundikwa sebuleni, meno yote nje. Mama amekaa chini yake anachambua mboga.

"Shikamoo mama."

Hata hakuniangalia. Akaonyesha juu kwa kidole. "Anza na mkubwa."

Nimekisalimia, ningefanyaje? Na mume wangu, kutoka chumbani, ndiye aliyeitikia marahaba.

Atakayecheka hapa, mboga ya maboga yangu haonji.