Siku Zangu Sita za Umarehemu

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu mkubwa amepata nafasi chuoni. Uuguzi, miaka minne! Nilishangilia mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikasoma ukurasa wa pili: ada ilipwe kabla mwezi haujaisha, la sivyo nafasi apewe mwingine. Mimi ni msahihishaji wa maandishi kwenye kiwanda cha uchapaji. Mshahara wangu hautoshi hata kulipia ukurasa wa kwanza.

Binti akasema ataomba mkopo wa wanafunzi na msaada wowote utakaopatikana. Nikamhutubia saa nzima. Mkopo ni kamba ya hariri: laini, lakini kamba! Hakubisha. Alikuwa anajaza fomu.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi wa friji, alikuwepo. Huwepo kila sahani zinapotoka. Akanishauri nipunguze hotuba niongeze kipato. Huyo ni mtu asiyejua tofauti ya nukta na kinyesi cha nzi.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Leo kazini nimesahihisha tangazo la mfuko wa hisani. Nusu ufadhili kwa wasichana wa familia zenye kipato kidogo. Ufadhili kamili kwa waliofiwa na baba. Nusu ni ya watu wasio na ubunifu. Binti yangu ana sifa zote za ule kamili: amefaulu, ana nidhamu, ni msichana. Kikwazo kimebaki kimoja tu, nacho ni mimi.

Nikachukua fomu. Swali la saba: baba yu hai au amefariki? Nikazungushia duara "amefariki". Sikusikia maumivu. Sababu ya kifo: nilitaka kuandika "kuitetea lugha", nafasi ikanibana, nikaandika "ghafla". Nikatia sahihi pale chini, nikaipitia fomu mara tatu, nikaituma. Miaka ishirini na miwili kazini. Sipitwi na kosa.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwarifu mke wangu kwamba nimefariki. Akauliza kama marehemu amekumbuka kununua sabuni. Hakukumbuka. Akasema yeye hatadanganya mtu, na wakija kukagua atakuwa kwenye cherehani yake kazini. Binti sikumwambia kitu. Ana ugonjwa wa ukweli, kaurithi kwa mama yake.

Ijumaa, 7 Machi
Wamepiga simu! Afisa wa mfuko atafika Jumatatu saa nne asubuhi kuhakiki. Msemaji wa wafiwa hana budi kuwa shemeji. Alikubali upesi mno. Nimemwandikia risala ya kurasa nne juu ya maisha yangu. Akasema atasema ya moyoni tu, mwandiko wangu unamtia kizunguzungu.

Picha yangu nimeitundika juu zaidi, ili ionekane ya mtu aliyetangulia. Viatu vyangu vyeusi vimetoweka mlangoni. Amevivaa shemeji. Anasema ni urithi.

Jumatatu, 10 Machi
Binti nilimtuma sokoni na orodha ndefu. Mimi nyuma ya pazia la chumbani. Afisa aliingia: mama wa makamo, miwani kwenye mnyororo, sauti ya mtu aliyekwisha kudanganywa na mabingwa. Akatoa pole. Shemeji akaipokea kwa huzuni, viatu vyangu miguuni.

Akaulizwa marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Akajibu: mbishi. Nikanyamaza. Akasema niliwahi kusahihisha kadi ya harusi mbele ya bwana harusi. Nikanyamaza, ingawa kosa lilikuwepo. Akasema nilikuwa bahili, na nikiimba mbwa huhama mtaa. Niliuma pazia. Kwa ajili ya mwanangu, niliuma pazia!

Kisha akapangusa machozi yasiyokuwepo, akasema marehemu alikuwaga anapenda sana watu.

"Alikuwa!"

Nilikuwa nimeshatoka, kidole juu. Nikamweleza kwamba hiyo "ga" haina kazi yoyote pale, ni mkia wa ng'ombe uliobandikwa kwenye kuku. Nilikuwa nafika kwenye mfano wa tatu nilipogundua kwamba ni mimi ninayezungumza.

Afisa hakushtuka. Akatoa fomu mbili mkobani. Kumbe binti naye alikuwa ameomba, ile nusu!

"Hii ya binti inasema baba yu hai," akasema. "Hii nyingine inasema amefariki, na marehemu ametia sahihi mwenyewe."

Nikaitazama ile sahihi. Nzuri, yenye mkia. Yangu.

Binti alikuwa amesimama mlangoni na kikapu, uso umempauka. Afisa akaeleza kwamba amekuja kujua ni fomu ipi ya uongo. Ingekuwa ya binti, angekosa ufadhili na mkopo vyote viwili, maana majina ya waongo hupelekwa pia kwa watoa mikopo. Kisha akamwuliza kwa nini, baada ya "yu hai", ameongeza neno "sana".

Binti akaweka kikapu chini.

"Si umemsikia mwenyewe?"

Afisa akacheka mpaka akavua miwani. Fomu yangu akaichana vipande vinne. Shemeji aliondoka kimyakimya. Na viatu.

Jumatano, 19 Machi
Barua imefika! Nusu ufadhili. Nusu iliyobaki ni ya mkopo, na binti ameshausaini. Atasoma! Mpango wangu umefaulu. Nisingekufa, nisingefufuka; na nisingefufuka, nani angethibitisha kwamba mimi ni mzima? Hakuna aliyenishukuru kwa hilo. Barua ina kosa moja, aya ya pili, lakini mke wangu amenipokonya kalamu.

Binti alinikumbatia, akaniomba nisife tena kabla hajahitimu. Nimeahidi, nami ahadi yangu haivunjiki.

Mdogo wake anamaliza shule mwakani. Nimeusoma upya mwongozo wa mfuko: wanafadhili pia waliofiwa na mlezi. Basi mlezi ni shemeji, na atakayefariki ni yeye. Risala nitaisoma mimi. Kurasa nne, bila kosa hata moja.

Tena nimetafakari kilichotuangusha. Ni ile sahihi yangu. Safari hii haionekani popote. Pale chini ya fomu mpya ametia sahihi marehemu mwenyewe, kwa mkono wake. Nimemwambia ni risiti ya viatu.