Ufunguzi Rasmi wa Kituo cha Mtihani wa Kiingereza, Nyuma ya Mabati

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wa Kamati ya Kuisimamia Kamati ya Maandalizi, ndugu wakuu wa idara, ndugu makaimu wa wakuu wa idara, ndugu mnaowashikia nafasi makaimu waliokwenda semina, wazee wetu mliopata kivuli cha turubai, wazee wetu mliokikosa, ndugu wanahabari, ndugu mpiga picha ambaye nakuomba upige kutokea upande wa kushoto, ndugu watahiniwa wa shahada ya uzamili mliokuja na penseli zenu zilizochongwa vizuri, mama mkwe wangu mpendwa, na kwa idhini ya pekee ya itifaki, idhini ambayo niliiomba kwa maandishi na kujikubalia kwa maandishi, mke wangu, mwanamke niliyefunga naye ndoa majuzi tu, aliyekaa safu ya mbele katika gauni la bluu ambalo limenifanya nipoteze ukurasa wa kwanza wa hotuba hii. (Makofi. Mama mkwe anapiga kigelegele. Bibi harusi anaangalia saa.)

Kabla sijaanza, mshereheshaji amenikumbusha niwakumbushe kwamba, kwa utaratibu wetu, hakuna mtu anayeruhusiwa kutoka chini ya turubai hili mpaka mgeni rasmi amalize kutoa shukrani. Mgeni rasmi ni mimi. Nina kurasa za kutosha. (Miguno.)

Ndugu zangu, dunia ya leo ni dunia ya uzamili. Zamani mtu akipata shahada yake ya kwanza aliambiwa hongera, akapewa soda, akaachwa apumzike. Siku hizi anaulizwa, "Halafu?" Na ukitaka kuendelea na hilo halafu, vyuo vinakudai mtihani wa Kiingereza, ambapo unapewa kifungu kirefu cha habari kuhusu jambo ambalo hujawahi kulijali maishani, mathalani konokono wa nchi za baridi, unakisoma huku saa inakimbia, unajibu maswali juu ya nia ya mwandishi, mtu ambaye hujawahi hata kusalimiana naye, kisha unatandaziwa maneno magumu ambayo wenye lugha yao waliyaacha siku nyingi, nawe unatakiwa uchague maana iliyo karibu zaidi na ukweli. Usipofaulu, uwe muuguzi, uwe mhandisi, uwe mwalimu wa hesabu uliyefundisha nusu ya watu walio hapa, mlango wa chuo unafungwa na unabaki nje na cheti chako. (Sauti za "kweli kabisa". Mwalimu wa hesabu anainua penseli.)

Na kwa kuwa mimi ni kiongozi msikivu, sikusahau kwamba leo ndiyo siku ya mwisho ya mtihani huo kabla vyuo havijafunga kupokea maombi. Asiyefanya leo, atasubiri mwaka mzima. Miaka yote watu wetu wamekuwa wakienda kuufanya mji wa jirani, mwendo wa saa moja kwa gari, kama yatima wanaokwenda kuomba chumvi. Ndipo mimi binafsi, kwa ubunifu wangu, kwa kushirikiana na mimi mwenyewe katika nafasi yangu ya mkurugenzi, nikaibua mradi mkubwa, shirikishi, jumuishi na endelevu, uliopitia upembuzi yakinifu, mpango mkakati, mpango kazi, warsha ya wadau, warsha ya kutathmini warsha ya wadau, na awamu ya pailoti, ambao leo unasimama nyuma ya uzio huu wa mabati mnaouona, uliopakwa rangi na kuchorwa jengo lenye ghorofa na miti miwili. (Makofi. Watu wanalitazama jengo lililochorwa.)

(Muuguzi wa wodi ya watoto, aliyetoka zamu asubuhi, anasimama: "Mheshimiwa, samahani. Mtihani unaanza saa ngapi?")

Swali zuri sana, dada yangu muuguzi, na nitalijibu katika sehemu ya tano. Sasa tuko ya pili.

("Tutafika kweli?" fundi umeme anayetaka uhandisi anamnong'oneza jirani yake. "Kaa utulie," jirani anamjibu, "sehemu ya kwanza ilikuwa majina tu.")

Sehemu ya pili inahusu ubora. Ndugu zangu, mitihani mingi imeharibika kwa kuvuja. Sisi tumeziba. Kifungu cha kusoma tulichokiandaa ni siri ya kiwango cha juu kabisa, kiasi kwamba aliyekitunga hakuruhusiwa kukisoma alipomaliza, wahariri walikihariri kikiwa ndani ya bahasha, na bodi ikakipitisha kwa kauli moja bila mjumbe yeyote kukiona. Na ili kulinda heshima hiyo hadi mwisho, tumeazimia kwamba hata mtahiniwa mwenyewe hatakisoma.

("Sasa tutajibuje?" mwalimu wa hesabu anauliza. "Si ni mtihani wa kusoma?")

Mwalimu, nakuheshimu, lakini hapo ndipo tunapowapita wenzetu. Penye usomaji ndipo penye uvujaji. Tuendelee.

Kuhusu msamiati, tuliunda Kamati ya Taifa ya Maneno, yenye wajumbe wenye uzito, ambayo imekuwa ikikaa hotelini tangu mwaka juzi kuchagua maneno ya kuulizwa. Najivunia kuwatangazia kwamba neno la kwanza limekaribia kupatikana. Wajumbe walikuwa na maneno mawili mezani, wakatofautiana, wakaunda kamati ndogo, kamati ndogo ikaomba ziara ya mafunzo nchi za mbali ili kuyaona maneno hayo katika mazingira yake halisi, na iliporudi iliripoti kuwa huko hali ya hewa ni nzuri. (Vicheko. Mshereheshaji anawatazama wanaocheka.) Kwa takwimu za mwezi uliopita, utayari wa kituo umefikia asilimia mia moja na nne, kuridhika kwa watumiaji asilimia tisini na tisa, na hiyo asilimia moja iliyobaki tunaitafuta kwa majina.

(Honi ya gari inalia kutoka nyuma ya mabati.)

Msishtuke, wananchi. Hiyo ni mitambo ya kisasa ya kusahihisha. Inajipasha moto.

("Mitambo gani inapiga honi?" fundi umeme anauliza kwa sauti.)

Ya kisasa.

Naomba sasa, wakati mitambo ikipata moto, niingie sehemu ya tatu, ambayo katika ratiba imeandikwa "Mafanikio" lakini mimi moyoni nimeiandika jina la mke wangu. Mtaniwia radhi. Mimi niliishia sekondari. Nilisoma kwa taa ya mafuta, nikafaulu kwa wastani, nikapanda vyeo kwa kuvaa tai mapema kuliko wenzangu. Sikujua kwamba kuna mtu anaweza kupenda kusoma hata akasahau kula. Kisha siku moja akaingia ofisini kwangu mtaalamu wa maabara ya hospitali, koti jeupe mkononi, akauliza, "Samahani kaka, kituo cha mtihani wa Kiingereza kiko wapi?" Ndugu zangu, mtu akikuuliza swali kwa macho yale, huwezi kumjibu kwamba hakipo. Nilimwambia kinajengwa. Siku ya pili akarudi kuuliza kinajengwa wapi, nikamwonyesha kiwanja hiki. Siku ya tatu akaja kuuliza kimefikia wapi, nikamwagizia chai, tukakaa tukaongea hadi mlinzi akaja na funguo, na tangu siku ile mimi si mimi, naamka nacheka, nafunga kamba za viatu nacheka, nasaini barua za onyo kwa wafanyakazi nacheka. (Vigelegele. "Mapenzi hayo!" sauti ya mama mmoja nyuma.)

(Bibi harusi anaonyesha saa yake ya mkononi, anaigonga kwa kidole.)

Mnamwona? Anawaonyesha saa niliyompa siku ya ndoa. Hata hawezi kuificha, mtoto wa watu. (Mama mkwe anainamisha kichwa.)

Nyumbani kwetu, wananchi, ameandika maneno ya Kiingereza kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika kila mahali ili ayakariri. Jokofu lina neno. Kioo cha bafuni kina maneno manne. Nikifungua kabati natafuta soksi, nakutana na kivumishi. Asubuhi ananihoji nikiwa na mswaki mdomoni, nami nakosa yote, naye ananiambia, "Usikate tamaa, mume wangu, neno usilolijua watazame majirani zake, watakuambia ni la namna gani." Nani aliwahi kufundishwa kwa upole wa namna hiyo? Wiki iliyopita alinibandika karatasi moja mgongoni kwa utani, nikaingia nayo kikao cha wakurugenzi na sikujua. Wenzangu walidhani ni cheo kipya. Wawili walinipongeza, na mmoja akaandika barua kuuliza kwa nini yeye hajapewa. Maana ya neno lile siijui mpaka leo, na nikimwuliza mke wangu anacheka mpaka anakaa chini, nami nikimwona anavyocheka naona heri nisijue kabisa, nilivae tu uzeeni.

(Honi inalia mara mbili. Bibi harusi anasimama.)

Mke wangu mpenzi, kaa kwanza, bado sehemu ya nne, ambayo ni changamoto. Hatuna, lakini lazima zisomwe.

("Mume wangu," bibi harusi anasema, kwa sauti inayofika bila kipaza sauti, "gari ulilonikodia linaniacha. Dereva anasema tusipotoka sasa hivi hatuwahi. Kule wanaandikisha mlangoni mwisho saa saba.")

(Turubai zima linageuka. "Gari la kwenda wapi?" muuguzi anauliza.)

("Mji wa jirani. Kwenye mtihani.")

("Kwani hapa hakuna?")

Ndugu zangu, ndugu zangu, naomba utulivu, hoja hii imeletwa nje ya ajenda.

("Shemeji, fungua hilo geti," fundi umeme anamwambia bibi harusi, naye tayari ameshafika. Geti la mabati linafunguliwa. Nyuma yake kuna kiwanja kitupu chenye majani ya magotini, na gari moja dogo la abiria, dereva akiwa amelala nusu juu ya usukani.)

(Mpiga picha anapiga kutokea kushoto.)

Naam. Kama mnavyojionea, jengo ni la kisasa, la wazi, lenye hewa ya kutosha.

("Mheshimiwa," mwalimu wa hesabu anasema taratibu, "hii ni nafasi yangu ya tatu na ya mwisho. Chuo kimesema mwakani hawanichukui tena. Nimeacha darasa la watu nikaja kwako.")

(Mama mkwe anasimama kwenye kiti chake: "Baba, mkwe wangu, mimi nakupenda. Lakini hawa watu hawawezi kutoka mpaka utoe shukrani, umesema mwenyewe. Toa shukrani.")

Sawa, mama. Nimekusikia, mama.

Wananchi, naruka sehemu ya nne na ya tano. Kwa heshima na taadhima natoa shukrani zangu za dhati kwa mkandarasi, ambaye hajateuliwa. Nawashukuru wasimamizi wa mtihani, ambao nafasi zao hazijatangazwa. Namshukuru mchoraji, maana bila yeye tusingekuwa na ghorofa hata moja. Namshukuru kwa namna ya pekee mwenye kiwanja, aliyeniruhusu kukitumia mpaka jioni bila kuniuliza ni cha nini. Na ninaushukuru uongozi wa mji wa jirani, ambao siku zote umekuwa na kituo cha kweli, chenye meza na watu wanaosahihisha, kituo ambacho kuanzia dakika hii natangaza rasmi kuwa ndicho awamu ya kwanza ya mradi wangu. Hapo shukrani zimekamilika, na kwa mujibu wa utaratibu mnaruhusiwa kutoka.

(Viti vinaanguka. Watahiniwa wanakimbilia gari. Dereva anaamka, anapaza sauti: "Taratibu jamani! Siti ni kumi na nne tu, msinivunjie mlango!" Gari linajaa. Muuguzi, mwalimu wa hesabu, fundi umeme na wengine wawili wanabaki chini.)

(Bibi harusi anatoa kichwa dirishani: "Mume wangu! Na gari lako la ofisi?")

Mke wangu, gari la ofisi ni la shughuli za kiserikali, lina bendera, kulitoa kunahitaji kibali cha mkurugenzi.

("Mkurugenzi ni nani?")

(Mheshimiwa anapapasa mfukoni. Anamrushia muuguzi funguo. "Asante, kaka," muuguzi anasema huku anakimbia. Mwalimu wa hesabu anaondoa bendera, anampa mama mkwe aishike.)

Basi naomba kuhitimisha kwa kaulimbiu yetu, nami nikisema Msamiati, mseme Juu!

Msamiati! (Magari yanageuza kiwanjani.)

Kusoma kwa ufahamu! ("Juu," anasema mama mkwe peke yake, bendera mkononi.)

Mke wangu, najua hunisikii vizuri na mlio wa gari, lakini kipaza sauti hiki kimelipiwa hadi saa kumi na mbili, nami nitaendelea kusimama hapa. Soma maswali kwanza ndipo usome kifungu, kama unavyoniambia mimi. Neno usilolijua, watazame majirani zake. Wala usiharakishe kurudi kwa ajili yangu. Mtakapokata kona ile jioni utaniona kutoka mbali kabisa, hakuna ukuta wala dirisha la kunikinga. Asanteni sana kwa kunisikiliza.