Mhariri Niliyemwahidi Kaburi

Jamani, leo nimejiaibisha kwa mdomo wangu mwenyewe. Hakuna aliyenisukuma.

Mnajua nilituma hadithi kwenye jarida moja la watoto la Dar. Ni ya msichana anayemfuata ndege mwonyesha asali porini, halafu akishapata mzinga anamnyima. Niliituma tumbaku ikiwa bado kitaluni. Imevunwa, imekaushwa, imeuzwa, na mimi bado naangalia simu. Hapa shuleni Sikonge kila mtu anajua, maana nilitangaza mwenyewe (kiherehere). Tangu nitafute ajira sijawahi kutamani kitu namna hii.

Sasa kuna mwalimu mwenzangu, Pazi. Yeye Mzaramo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani, wa kutaniana hata msibani, na haachi kunichokoza. Amekuwa akinipigia kwa simu za watu, anakaza sauti, anajiita mhariri. Mara ya kwanza nilipiga vigelegele mbele ya darasa la tatu. Mara ya pili pia (msiulize).

Leo saa ya chai simu ikaita. Namba ngeni. Pazi hayupo, ametoka kufuata vitumbua. Nikawakonyeza walimu wenzangu, nikaweka spika ili wote wasikie ninavyomkomesha. Mwanaume mwenye sauti nzito akajitambulisha kuwa ni mhariri, akauliza kama anaongea na Mwalimu Kalunde.

"Ndiye mimi, mtani wangu," nikamwambia. "Na siku ukifa nitatangulia mimi kulala kaburini mwako. Sitoki mpaka ndugu zako waniletee jogoo!"

Ofisi nzima ikacheka. Nikanogewa. Nikamwambia na sanda yake nitajishonea gauni.

Mlango ukafunguliwa. Pazi huyo, vitumbua mkononi.

"Nani kafa?" akauliza.

Nikaanza upya na shikamoo (sasa!). Mzee wa kwenye simu akaitikia marahaba, taratibu kabisa. Akasema kwao ni Bukoba, utani wa huku anausikia tu, ila juzi ametoka kulazwa, kwa hiyo habari za kaburi zimemgusa kidogo. Niliomba radhi mpaka maneno yakaniishia. Nilitaka kulia. Nilijua kabisa hadithi yangu nimeizika mimi.

"Hadithi tumeipenda, itatoka," akasema. "Nilipiga kuhakiki maelezo yako tu. Hapa umejiandika kuwa ni mwalimu mpole, mwenye kauli za staha. Tuyaache hivyo hivyo?"

Nikamwambia ayaache, mama yangu atalisoma hilo jarida. Pazi akapaliwa na kitumbua.

Naombeni pongezi tu. Vicheko nimeshapata vya kutosha huku ofisini.