Vidonge Ndani ya Saa ya Mwalimu Mkuu

Jumatatu, 3 Machi

Mimi na bahati ni chanda na pete! Miaka hamsini na mbili, sijaugua hata siku moja. Moyo wangu unakwenda sawasawa, na mimi fundi saa, mwendo naujua. Leo nimemsindikiza mke wangu kliniki. Kumbe miadi ni yangu! Wamenibandika nyaya kifuani, wamenitoa damu. Daktari kasema moyo unarukaruka, na mkorofi yuko shingoni: vitezi vinne, kila kimoja kama punje ya mchele. Kimoja kimevimba. Kinachota kalsiamu mifupani, kinaimwaga kwenye damu, moyo unavurugika. Dawa ni kukikata. Moyo kifuani, kisu shingoni! Nikamuuliza, mteja akiniletea saa, nimfungulie redio? Akacheka. Daktari anayecheka ana jambo.

Alhamisi, 13 Machi

Wamekata. Nilikubali kwa sababu mke wangu alitishia kumwita dada yangu mkubwa. Yule simwezi. Nikaomba nionyeshwe hicho kitezi. Nesi akasema kimepelekwa maabara. Maabara, au sokoni? Shemeji, kaka yake mke wangu, ananishikia kibanda changu cha saa. Kasema pole sana shemeji, pumzika hata mwezi. Hata mwezi! Fisi hampi mbuzi pole bure.

Jumamosi, 15 Machi

Nyumbani. Nimewashika! Wamenipa vidonge vikubwa kama vifungo vya koti, vitatu kwa siku. Nikauliza ni vya nini. Vya kalsiamu! Ile ile waliyosema imezidi! Mke wangu kaeleza: kitezi kimetoka, mifupa ilikuwa na njaa, sasa inajilipa yenyewe, damu inabaki mikono mitupu, na moyo bila kalsiamu haufanyi kazi. Kakariri vizuri mno. Nani kamfundisha? Basi nina mpango. Nakibana kidonge shavuni, nakunywa maji, nasema ahsante mke wangu. Akigeuka, nakitema ndani ya saa ya ukutani ya mwalimu mkuu, niliyoileta nyumbani kutengeneza tangu mwezi jana. Humo nani atafungua? Akili ni mali!

Jumatatu, 17 Machi

Midomo inachonyota kama imepitiwa na siafu. Vidole vimekakamaa, kibano kimenianguka mara tatu. Nimejipima mapigo. Moyo unapiga, unafikiri kwanza, unapiga tena. Nani kanifanyia hivi? Shemeji aliniletea chai asubuhi. Nikainywa, mjinga mimi! Halafu kaichukua saa ya mwalimu mkuu, eti mwenyewe kaja kuidai. Katoka nayo mbio. Ningemzuia kwa maneno gani?

Jumatano, 19 Machi

Naandika nikiwa wodini. Juzi nilianguka jikoni, mikono imejikunja kama kucha za kuku. Mke wangu alinibeba na jirani, analia, ananitukana, analia. Huko kibandani saa ikagoma kutembea. Shemeji akaifungua mbele ya mwenyewe. Vidonge saba vikamwagika mezani! Mwalimu mkuu akauliza kama saa yake ndiyo mgonjwa. Shemeji akafunga kibanda, akaja hospitali anakimbia, vidonge mkononi. Ndipo daktari akajua sijameza hata kimoja. Wakanitundikia dripu ya kalsiamu, taratibu, wakitazama mistari ya moyo kwenye skrini. Daktari kasema ningechelewa kidogo tu angekuwa anaongea na mjane. Safari hii hakucheka. Mke wangu kanishika mkono hauachii. Shemeji kakaa benchini kutwa nzima, hajala. Nimevua saa yangu ya mkononi nikampa. Kakataa, nikamvalisha kwa nguvu. Lakini swali langu liko palepale: nani alimruhusu kufungua saa ya mteja wangu?

Ijumaa, 21 Machi

Nimeruhusiwa kurudi nyumbani. Sasa wameongeza kidonge cha vitamini, eti kinaisaidia kalsiamu kuingia mwilini. Jana dawa moja, leo mbili, kesho kumi! Mke wangu ananikagua mdomoni kwa tochi. Cha kalsiamu nimekimeza, haki ya Mungu. Cha vitamini kilikuwa kiganjani tangu mwanzo, sasa kiko ndani ya redio. Saa zina wenyewe, zinadaiwa. Redio ni yangu.

Na ile bahati niliyoiandika Jumatatu ya kwanza, ya kutougua hata siku moja, ni uongo. Moyo unaniruka tangu mwaka jana. Nilikuwa nauhesabu kwa saa za wateja, mlango wa kibanda nimeufunga, na sikumwambia mtu.