Mikate Arobaini na Minne

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe anataka kupumzika. Jumamosi atakabidhi funguo za kiwanda chake cha mikate kwa mkwe mmoja: mimi, mwandishi wa programu, au mwanyumba wangu, mume wa dada wa mke wangu, fundi wa tanuri, mtu ambaye simu yake ikigoma huipiga kofi. Hapo pana ushindani kweli? Nimejitolea kuiandikia programu mashine ya kukandia. Inajumlisha oda ya asubuhi na ya jioni, kisha inapima unga yenyewe. Kumbukumbu ya mashine ni finyu, kwa hiyo kila oda nimeipa baiti moja tu, ambayo mwisho wake ni 255. Oda moja haijawahi kupita 200. Kubana hivi ni kipaji.

Jumanne, 4 Machi
Asubuhi 160, jioni 140. Mashine ikakanda unga wa mikate 44! Watoto wa shule ya bweni wamekunywa chai kavu. Mama mkwe hakunifokea. Aliniita "baba" mara tatu, kwa upole, nikazidi kuogopa. Nikamweleza kuwa 300 haienei kwenye baiti, ikipita 255 inaanza tena sifuri, ndiyo ikaishia 44. Akauliza mikate mingine imeishia wapi.

Jumatano, 5 Machi
Dawa imepatikana. Jibu nimelipa baiti nne. Sasa linabeba hata mikate bilioni. Nikajaribu mbele ya watu: 12 na 9, ikatoa 21. Mke wangu alipiga makofi. Peke yake.

Alhamisi, 6 Machi
160 na 140. Arobaini na nne tena. Mwanyumba, huku akipangusa masizi, akasema anavyoona yeye ninajumlishia kwenye kikombe, kikishamwagika ndipo namimina kwenye pipa. Nikamwambia akaangalie tanuri lake, programu si uji.
Kisha nikajifungia chooni na kompyuta. Kweli bwana. Oda mbili zinajumlishwa zikiwa bado ndogo, kabla jibu halijafika kwenye nafasi kubwa. Nikazipanua oda zenyewe kwanza. 300! Nimemwambia mama mkwe nimeligundua mwenyewe.

Jumamosi, 8 Machi
Funguo zote kapewa mwanyumba. Mama mkwe alisema, mbele ya mabinti zake wawili, kwamba akili ninazo tele, ila kiwanda kinataka mtu anayeona 44 akashtuka. Nimeumia, sifichi. Nilishachagua hadi pa kuweka meza yangu. Mke wangu kaniambia nile kwanza, kununa baadaye. Nimeachiwa hesabu ya magunia ya unga. Wataniona.

Jumatatu, 10 Machi
Programu ya ghala tayari. Kosa la juzi silirudii: namba zote baiti mbili, kuanzia sifuri hadi 65,535, sawasawa, hakuna kubwa wala ndogo. Za hasi nimezikataa kabisa, maana nani amewahi kuona gunia hasi? Asubuhi ghalani palikuwa na magunia matatu. Wametumia matano, eti mawili waliazima kwa jirani. Nikaingiza, nikatoa. Yamebaki magunia 65,534. Kumbe tuna akiba kiasi hicho! Kwenda kuhakikisha siwezi. Funguo anazo mwanyumba, na kumwomba simwombi. Nimempigia mama mkwe asiagize unga. Akauliza mpaka lini. Nikamwambia apumzike tu, mwaka huu hatuagizi.